Oveni Inapounguza: Tupime Kwanza Kabla ya Kulaumu Mikono Yetu

Akina mama wengi wa Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju siku hizi wanaoka keki na skonzi nyumbani, wengine kwa ajili ya watoto, wengine kwa kuuza ili kupata ada ya shule. Katika mikutano yetu ya akina mama kanisani tunasikia kilio kile kile: keki imeungua juu na chini, katikati ni mbichi. Mayai na siagi vimepotea, na mteja anasubiri. Mama hujilaumu kwamba hajui kupika. Anabadili unga, anaongeza maziwa, lakini hali ni ile ile.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba homa haijulikani kwa kugusa paji la uso tu. Mgonjwa hupimwa kwanza, ndipo atibiwe. Oveni nayo ni hivyo hivyo.

Anayeoka kwa sufuria na mkaa anauona moto kwa macho yake. Ukizidi, anapunguza mkaa juu ya kifuniko. Kwenye oveni tunaamini namba iliyoandikwa kwenye swichi. Namba hiyo ikidanganya, hata mpishi hodari ataunguza.

Kinacholinda joto la oveni ni kifaa kiitwacho thamostati. Joto likifika pale ulipoweka, thamostati hukata umeme, likishuka, huurudisha. Katika majiko makubwa kuna kijiti chembamba cha chuma ndani ya oveni, chenye kimiminika kinachotanuka kwa joto. Kimiminika kikivuja, au kijiti kikichomoka mahali pake na kuangukia penye ubaridi, thamostati hudhani oveni bado ni baridi, nayo huzidi kuwasha. Katika nyingi ya zile ndogo za mezani kuna kipande cha metali mbili kinachopinda kwa joto. Katika aina zote mbili, vile vidude vinavyogusana kupitisha umeme vikigandana, moto haukatiki tena.

Tuanze na yaliyo mepesi, yasiyo na gharama.

Kwanza, tutazame namba. Vitabu vingi vya mapishi kutoka Marekani hutumia Farenhaiti. Nyuzi 350 za huko ni karibu nyuzi 175 za Selsiasi. Mama anayeona 350 na kuzungusha swichi hadi mwisho, ataunguza bila oveni kuwa na kosa lolote.

Pili, tushike swichi yenyewe. Ikiwa imelegea na inazunguka ovyo, alama yake haionyeshi joto la kweli.

Tatu, tupime. Kipimajoto cha oveni kikipatikana ni vizuri zaidi. Kama hakipo, sukari itatusaidia, kwa sababu huyeyuka karibu nyuzi 186. Weka swichi kwenye 175, acha oveni ipate moto kwa nusu saa, kisha ingiza kijiko cha sukari nyeupe juu ya foili, kwenye rafu ya katikati. Baada ya dakika 15 itazame. Ikiwa bado ni punje punje, joto halijazidi sana. Ikiwa imeyeyuka, oveni ina joto kuliko inavyosema. Usiiguse sukari hiyo, inaunguza vibaya.

Nne, tuangalie ile taa ndogo ya joto, kama ipo. Oveni ikishapata moto, taa hiyo huzima na kuwaka kwa zamu. Ikiwa haizimi kabisa hata ukiweka joto la chini, thamostati haikati. LUKU nayo itakueleza: oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kukata inakula uniti 2.

Hapo ndipo aitwe fundi umeme, nasi tusiifungue wenyewe. Tumweleze tulichokiona, maana wengine hukimbilia kubadili koili. Koili hutoa joto tu, haiamui kiasi chake. Mara nyingi ikiharibika, oveni haipati moto. Thamostati mpya ifanane na ya zamani kwa joto la mwisho na kwa umbo, hivyo ile ya zamani ipelekwe dukani kama mfano.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kupimwa. Ukiweka swichi kwenye sifuri na oveni bado inapata moto, au inapiga shoti, au inatoa harufu ya waya kuungua, zima umeme kwenye swichi kuu bila kuigusa, na isitumike tena hadi itengenezwe. Moto ukishika ndani, zima umeme, acha mlango umefungwa, wala usimwagie maji. Ukizidi, toka na watoto, kisha piga 114, namba ya Zimamoto.

Oveni iliyozidi joto huunguza pia mlango wake, na mtoto mdogo hushika kilicho mbele yake. Akiungua, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta na yai visipakwe. Lengelenge lisipasuliwe. Ikiwa ni usoni, mkononi, au ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi, mama mwenzetu, kabla ya kutupa mapishi yako au kuacha biashara yako, tumia kijiko kimoja cha sukari. Huenda mikono yako haina kosa lolote.