Mchagua Spana Ndiye Fundi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye shamba la pamba Kishapu au la mpunga Kagongwa, msemo huo unakubalika. Jembe lolote lenye makali litafungua ardhi, na anayelalamikia mpini kila asubuhi huenda ni mvivu tu. Lakini ukiuchukua msemo huohuo ukaupeleka gereji, utaharibu chombo cha mtu. Kwenye nati na bolti mambo yamegeuka: asiyechagua ndiye mharibifu.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaotoka Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita. Ukirudi likizo, hata kama unasoma sheria au uhasibu, nyumbani unahesabika kuwa ni msomi. "Hebu msomi wetu, iangalie hii pikipiki." "Hebu angalia hii swichi." Na pikipiki yenyewe si ya kutembelea. Ni boda inayopeleka watu na mizigo machimboni, na hesabu yake ya jioni ndiyo inayonunua unga na kumalizia ada ya mdogo wako. Ukilikwangua bolti moja kichwa kikawa duara, boda inalala. Ikilala, siku hiyo hakuna hesabu. Kwa hiyo kabla hujashika zana, ijue kwanza.

Namba inasema nini

Namba iliyogongwa kwenye spana si unene wa bolti. Ni upana wa kichwa cha bolti au nati kwa milimita, kutoka upande mmoja bapa hadi upande unaotazamana nao. Bolti yenye unene wa milimita 6 kwa kawaida ina kichwa cha namba 10. Bolti hiyo ndogo imejaa kila mahali: kwenye vifuniko vya injini, vishikio vya nyaya, klampu za betri za Toyota nyingi, makava ya pikipiki. Ndiyo maana namba 10 ndiyo spana inayotumika kuliko zote, na ndiyo inayopotea kuliko zote. Ukiwa na hela ya spana moja tu, anza na hiyo.

Baada ya hapo njia zinagawanyika. Kwenye magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, bolti ya unene wa milimita 8 mara nyingi ina kichwa cha 12, na ya milimita 10 ina kichwa cha 14. Lakini bolti za unene huohuo unazonunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ni 13 na 17. Kwa hiyo mwenye Toyota anahitaji 10, 12, 14 na 17. Anayehudumia mashine iliyochomelewa hapahapa mtaani, kama karasha la kusagia mawe ya dhahabu, atakutana zaidi na 13, 17, 19 na 24. Wa boda aongeze 8, pamoja na spana ya plagi inayolingana na plagi ya pikipiki yake.

Halafu kuna mtego wa inchi. Trekta za zamani za Massey Ferguson zilifungwa kwa bolti za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana namba 13 itaingia, na utajiona umepata. Kumbe kuna nafasi ya milimita 0.3 imebaki. Ni ndogo sana kwa macho, lakini inatosha kuifanya spana iegemee ncha za pembe badala ya kukaa kwenye ubapa. Ukivuta kwa nguvu, pembe zinalika na spana inachomoka. Vidole vyako vinaishia kwenye chuma.

Ringi, mdomo wazi na spana malaya

Spana ya mdomo wazi inashika nati pande mbili tu. Ringi inaizunguka nati yote na kugawa nguvu kwenye pembe zake. Kwa hiyo kanuni ya mafundi wazuri ni rahisi: nati ngumu unailegeza kwa ringi au soketi, ukishailegeza ndipo unatumia mdomo wazi kuizungusha haraka. Ukinunua spana zenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili, umepata zote mbili kwa bei ya moja.

Ile ya kurekebisha mdomo, ambayo mtaani inaitwa spana malaya (jina si langu, msinilaumu), inakubali nati ya kila saizi na ndiyo maana ikapewa jina hilo. Nyumbani ina kazi nzuri: bomba, koki, nati kubwa ya sinki. Kwenye injini iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu taya lake linacheza. Ikibidi kuitumia, ikaze mpaka ibane nati, kisha vuta kuelekea upande wa taya linalotembea ili mzigo mkubwa ubebwe na taya lisilotembea.

Bisibisi nayo ina siri yake. Skrubu za nyota kwenye pikipiki na magari ya Kijapani zinafanana na zile za kawaida za Phillips, lakini umbo la ndani linatofautiana kidogo. Bisibisi ya Phillips ikiingia humo haikai mpaka chini, inapanda na kuteleza, na baada ya mara tatu nyota imekuwa shimo. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake inajaa kabisa, isukume kwa uzito wa mwili ndipo uzungushe. Kama skrubu imegoma, tia mafuta ya kulegezea kutu, subiri, kisha iguse kichwani kwa nyundo ndogo mara kadhaa. Vumbi letu likichanganyika na maji ya masika linashika kama saruji, na mtikisiko mdogo huliachia.

Nguvu ina hesabu

Wale wa fizikia mnajua: nguvu ya kuzungusha ni msukumo mara urefu wa mkono wa spana. Nati za tairi kwenye Toyota ndogo nyingi hutakiwa kukazwa kwa karibu nyutoni-mita 103. Mtu wa kilo 70 akipanda kusimama juu ya wili spana yenye mkono wa sentimita 30, anatoa karibu nyutoni-mita 206, yaani mara mbili ya inayotakiwa. Stadi inavutika, thredi zinachoka. Siku nyingine nati inakatika, au tairi likipasuka njiani usiku hakuna anayeweza kuifungua.

Hesabu hiyohiyo inakupa kipimo cha haraka cha barabarani. Kwa mkono huo wa sentimita 30, mtu huyo akiegemea kwa mikono kwa nusu ya uzito wake, kama kilo 35, amefika palepale panapotakiwa. Si kipimo cha maabara, na ukifika kwenye gereji yenye spana ya kupimia nguvu, omba wahakikishe. Kaza kwa kuvuka, nati hii kisha ya upande wa pili, sio kwa kufuata duara, ili ringi ikae sawa. Ukishatembea kilomita chache, hasa kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, simama uzijaribu tena.

Kwenye hili la tairi kuna sheria moja isiyo na mjadala: jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Jeki ya mafuta inaweza kushuka sili ikichoka, na jeki ya skrubu inaweza kulala ardhi ikiwa laini. Weka mawe kwenye matairi yaliyobaki chini, weka ubao imara chini ya jeki, na usiingize mwili wako chini ya gari ambalo halijakaa juu ya stendi. Anayekuambia "dakika moja tu" hajui kwamba gari kuanguka halihitaji dakika.

Nyundo, tindo na macho yako

Ukanda huu haukuanza kujua chuma juzi. Kabla ya majembe ya kiwandani, Warongo wa maeneo ya Geita na Biharamulo waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivuo, wakafua majembe yaliyouzwa kwa Wasukuma na majirani zao. Leo wahunzi wetu hawayeyushi mawe tena, wanachukua springi za magari chakavu na kuzifua kuwa tindo, visu na mashoka. Sio kwamba wamekosa chuma kingine. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha: kikipashwa moto kikawa chekundu na kuzamishwa kwenye mafuta kinakuwa kigumu, kisha kikipashwa tena kidogo kinaacha kuwa cha kuvunjika. Nondo ya kawaida ya ujenzi mara nyingi haina kaboni hiyo. Tindo ya nondo inapinda mapema, ya springi inakata.

Ugumu huo una hatari yake. Uso wa nyundo umefanywa mgumu ili usibonyee. Ukigonga nyundo kwa nyundo, kipande kidogo kinaweza kumeguka na kuruka kama risasi, na safari yake mara nyingi huishia kwenye jicho. Tindo nayo ina kichwa laini kiasi ili kisimeguke, lakini kikigongwa miezi kadhaa kinachanua kama uyoga. Zile kingo zilizochanua ndizo zinazoruka. Zipunguze kwa tupa au mashine ya kusaga mpaka kichwa kirudi nadhifu. Miwani ya kukinga macho ni rahisi kuliko jicho, na kwa anayepasua mawe duarani au anayekata chuma gereji ni sehemu ya zana, haina tofauti na nyundo.

Ndani ya geto

Kwenye chumba cha mwanachuo huhitaji sanduku zima. Nyundo yenye kucha za kung'olea misumari, plaizi yenye mpini uliovikwa plastiki, bisibisi mbili (bapa na nyota), futi ya kupimia, msumeno wa chuma na tasta vinatosha kwa kitasa, kitanda kinacholia na soketi iliyolegea.

Tasta ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Ile taa ndogo ndani ya tasta inawaka kwa sababu umeme kidogo sana, uliopunguzwa na kizuizi, unapita kwenye mwili wako kwenda ardhini. Maana yake ni kwamba ukisimama juu ya kiti cha plastiki taa inaweza kufifia hata kama waya una umeme. Tasta isiyowaka si ushahidi kwamba pako salama. Fanya hivi: ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, zima swichi kuu, pima pale unapotaka kugusa, kisha rudi uijaribu tena sehemu nyingine yenye umeme uone kama bado ni nzima. Ikiwa umezima nyumba yote, kwa jaribio hilo la mwisho utalazimika kwenda kwa jirani. Nenda. Na kama kazi yenyewe ni ya waya za ukutani, muite fundi umeme mwenye leseni.

Kununua bila kuibiwa

Boom likitoka, usikimbilie lile boksi la vipande mia linalong'aa. Nusu ya soketi zake hutazigusa maisha yako yote, na ile namba 10 utakayoigusa kila siku ndiyo itakayopasuka kwanza. Nunua moja moja, kwa namba za chombo ulichonacho. Maandishi ya "Chrome Vanadium" peke yake hayathibitishi kitu, mtu yeyote anaweza kuyagonga. Nenda dukani na bolti mpya ya saizi unayoitaka. Ingiza spana: ikicheza, iache. Tazama midomo kama imelingana, na ringi kama kuta zake zina unene sawa. Zana kukuu ya kiwanda kizuri, iliyotumika lakini midomo haijalika, mara nyingi inaishinda mpya ya bei chee. Ila zana kubwa za migodini zinazouzwa usiku bila risiti ziache zipite. Kesi ya kupokea mali ya wizi haijali kwamba ulikuwa unajifunza ufundi.

Kwa hosteli, njia ya bei nafuu ni ya pamoja. Vyumba vinne vikichangiana vinapata sanduku moja zuri badala ya manne mabovu. Rangi moja ipakwe kwenye kila mpini, na daftari lifungwe kwa kamba kwenye sanduku: jina, zana, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha. Kabla ya sanduku kufungwa jioni mtu mmoja ahesabu, aanze na namba 10.