Kifungo cha Mkanda wa Gitaa Kikilegea, Kisikazwe kwa Nguvu

Katika kata za Manispaa ya Temeke, gitaa kavu ni chombo cha ibada, cha burudani na cha riziki. Huongoza kwaya, hufundishia vijana, na huwapatia wapigaji ujira katika sherehe. Mpigaji anaposimama, uzito wa gitaa hubebwa na vifungo viwili vya mkanda: kimoja kitakoni, kingine karibu na mahali shingo inapoungana na mwili. Kimoja kikichomoka, gitaa huanguka, na shingo au kichwa chake huweza kuvunjika. Kuunga shingo ni kazi ya fundi na ina gharama. Kuimarisha kifungo humchukua mwenye gitaa dakika chache na subira ya siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chanzo cha tatizo

Kifungo hushikiliwa na skrubu iliyozama katika mbao. Mbao hufyonza unyevu na kutanuka, kisha hunywea inapokauka. Katika hewa ya pwani, hasa masika ya Machi hadi Mei yanapopisha kiangazi, badiliko hilo, pamoja na mvuto wa mkanda wa kila siku, hupanua tundu. Meno ya skrubu hukosa pa kung'ata. Kuikaza zaidi huendelea kusaga mbao, na skrubu nene zaidi huweza kuipasua.

Ukaguzi wa awali

Gitaa lenye tundu la waya wa spika kitakoni lipelekwe kwa fundi, kwa kuwa kifungo chake kimeungana na nyaya za ndani. Vivyo hivyo kwa gitaa ambalo mbao yake imekwisha kupasuka. Baadhi ya magitaa yana kigingi cha kuchomeka kisicho na skrubu. Hayo hayahusiki na hatua zifuatazo.

Hatua za matengenezo

1. Gitaa lilazwe juu ya blanketi, na skrubu ifunguliwe kwa bisibisi inayolingana na kichwa chake.

2. Vumbi na mabaki ya mbao yaondolewe ndani ya tundu.

3. Vijiti vya mbao vya kuchokolea meno vichovywe katika gundi nyeupe ya mbao, kisha vishindiliwe hadi tundu lijae. Gundi ya kukauka papo hapo isitumike, kwani huharibu rangi ya gitaa na kuzuia matengenezo ya baadaye.

4. Gundi iliyomwagika ifutwe kwa kitambaa kibichi, kisha gitaa liachwe kwa saa 24.

5. Vijiti vilivyochomoza vikatwe kwa kisu kikali, usawa wa mbao.

6. Katikati ya vijiti pachimbwe tundu jembamba kuliko skrubu. Skrubu ileile ipakwe sabuni kavu au nta, kipande kidogo cha ngozi kiwekwe chini ya kifungo, kisha ikazwe taratibu kwa mkono. Inapobana, isiendelee kukazwa.

Kabla ya kusimama nalo, mkanda uvutwe kwa mkono gitaa likiwa juu ya godoro. Kifungo kisipotikisika, kazi imekamilika.

Pa kupata msaada

Asiye na vifaa aweza kumwendea fundi seremala. Mafundi wa Keko, wanaojulikana kwa samani, wanazo gundi, keekee na ujuzi wa mbao. Vijana wanaotaka kuugeuza ufundi huu kuwa ajira wakumbuke kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Taratibu za vikundi hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Vifungo vyote viwili vikaguliwe kila mwezi, na kila mara kabla ya onyesho au ibada.