Kuizima Nyota ili Sayari Ionekane

Simama ukingoni mwa Mto Kongo pale Yanonge, usiku wa Januari au Februari mvua zinapopungua, uso ukielekea kusini. Mnamo saa nne utaiona Suheli, nyota kubwa nyeupe. Sogeza macho kulia, kiasi cha vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa: hapo pana nyota hafifu ambayo wengi huipita. Ni Beta Pictoris. Mwanga wake unaoingia machoni mwako uliondoka huko yapata miaka 63 iliyopita, Kisangani ikiwa bado inaitwa Stanleyville. Nyota hiyo ina sayari, na sayari hiyo imepigwa picha.

Hilo si jambo dogo. Nje ya familia ya Jua letu zimeshajulikana sayari zaidi ya 5,000, lakini karibu zote hakuna aliyeziona. Zimetambuliwa kwa sababu huitikisa nyota yao kidogo, au hukingama mbele yake na kuipunguzia mwanga. Zilizopigwa picha ni chache mno, kwa kuwa nyota huimeza sayari yake kwa ukali wa mwanga.

Mvuvi wa Mto Kongo anaijua shida hiyo. Mtumbwi unapokujia usiku, tochi imekuelekea, humwoni aliyeishika mpaka uinue kiganja na kuukinga mwanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mfaransa Bernard Lyot alitia kiganja cha namna hiyo ndani ya darubini: kisahani kinacholiziba Jua ili miale hafifu inayolizunguka ionekane bila kungoja kupatwa. Mwaka 1984, huko Las Campanas nchini Chile, Bradford Smith na Richard Terrile waliizibia Beta Pictoris vivyo hivyo, wakakuta imezungukwa na sahani pana ya vumbi. Vumbi hilo ni masalio ya ujenzi wa sayari. Je, sayari zenyewe?

Swali hilo limemshughulisha Anne-Marie Lagrange, mwanaastronomia aliyefanya kazi Grenoble, tangu miaka ya 1980. Kuziba nyota hakukutosha, kwani hewa tunayovuta huuyumbisha mwanga. Kumetameta kwa nyota kunakotupendeza ndiko kunakoharibu picha. Dawa yake ni kioo chembamba kinachosukumwa kwa nyuma na kubadilishwa umbo mamia ya mara kwa sekunde, kikiufuata myumbo wa hewa na kuunyoosha. Wafaransa na wenzao wa Ulaya walikijaribu mwaka 1989. Baadaye chombo cha aina hiyo, NACO, kiliwekwa kwenye darubini kubwa ya Paranal, jangwani Chile, mita 2,600 juu ya bahari. (Yanonge ina giza zuri la usiku, ila mawingu hayana huruma: Yangambi, jirani yake, hupata karibu milimita 1,800 za mvua kwa mwaka.)

Picha za NACO za Beta Pictoris zilipigwa mwaka 2003. Ndani yake mlikuwa na nukta moja, na hakuna aliyeitambua hadi zilipochambuliwa upya mwaka 2008. Hata hapo Lagrange na wenzake walisema tu kwamba huenda ni sayari, maana nyota ya mbali iliyopangana nayo kwa bahati ingetoa nukta ileile. Mapema mwaka 2009 walitazama tena, nukta haipo. Mwishoni mwa mwaka huo ikajitokeza, lakini upande wa pili wa nyota. Ilikuwa imezunguka. Kwangu mimi, kutoweka huko ndiko kulikokuwa ushahidi mtamu zaidi. Taarifa ikachapishwa Juni 2010.

Ilisaidia kwamba Beta Pictoris ni changa, ina miaka kama milioni 20, wakati Jua lina bilioni 4.6. Sayari yake, kubwa kuliko Mshtarii, bado ina joto la kuzaliwa, nyuzi kama 1,500, hivyo hutoa mwanga wa joto ambao vyombo huuona ingawa macho hayauoni. Mwaka 2014 ikapimwa hata siku yake: saa 8 tu.

Kioo kile kinachojikunja hakikubaki kwa wanaastronomia peke yao. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walikitumia kusahihisha kasoro za jicho la mtu aliye hai, wakaziona chembe za retina moja moja.

Kuipiga picha sayari inayofanana na Dunia ni kazi nyingine kabisa: mwanga wake ni hafifu kuliko wa nyota yake takriban mara bilioni 10. Kwenye mlima Armazones, si mbali na Paranal, shirika la Ulaya la ESO linajenga darubini yenye kioo cha mita 39. Nayo pia itavaa vioo vya kujikunja na visahani vya kuziba nyota.