Dodoso la wasiwasi wa wachezaji: linapima wasiwasi kweli?

Leo tuache matokeo kidogo, tuongelee kinachotokea kabla ya mechi.

Nilipokuwa kipa wa timu ya shule, siku ya mechi moja kubwa tuliulizwa mmoja mmoja: "Una wasiwasi?" Nikajibu sina, huku magoti yanagongana. Ningesema ukweli ningekaa benchi! Sasa jibu langu lilipima nini? Wasiwasi, au hamu ya kucheza?

Watafiti wa michezo nao wanasumbuliwa na swali hilo hilo. Mwaka 1990 Rainer Martens na wenzake wa Marekani walichapisha dodoso linaloitwa CSAI-2. Lina maswali 27, mchezaji anajaza kabla ya shindano, kila jibu alama 1 hadi 4. Maswali 9 ni ya wasiwasi wa mawazo, 9 ya mwili (moyo kwenda mbio, viganja kutoka jasho), na 9 ya kujiamini. Likatumika sana.

Mwaka 1999 Andrew Lane na wenzake wa Uingereza wakalipima dodoso lenyewe kwa wanamichezo zaidi ya 1,000. Majibu hayakujipanga vizuri kwenye yale mafungu matatu. Tena wakaona tatizo la neno: maswali ya wasiwasi wa mawazo yanatumia sana neno la Kiingereza "concerned". Laweza kumaanisha nina hofu, laweza pia kumaanisha nalijali jambo hili. Yaani mtu anayeijali fainali anaandikwa ana wasiwasi, kumbe yuko tayari kabisa! Mwaka 2003 Richard Cox, William Russell na mwenzao mmoja wakalipunguza hadi maswali 17.

Tusichanganye mambo hapa. Mzani mbovu wa dukani unaweza kuzidisha gramu 200 kila siku bila kubadilika. Ni thabiti, lakini unakuibia. Dodoso nalo kutoa majibu yale yale si ushahidi kwamba linapima kile linachodai. Kupima kile kinachodaiwa ndiyo maana ya uhalali wa kipimo.

Na ukilitafsiri kwa Kiswahili je? Utaandika "nina wasiwasi" au "naijali mechi hii"? Neno moja tu, na mtu anaweza kuachwa benchi.

Kwa hiyo ukisoma kwamba utafiti umeonyesha timu fulani ni waoga, uliza kwanza: waliulizwa nini, kwa lugha gani, na nani alisoma majibu?

Haya wadau, tupieni maoni. Kocha ndiye anakusanya karatasi, wewe ungejaza ukweli?