Maneno ya Kiingereza Yanayosikika Sawa: Udugu wa Kweli na Udugu wa Bahati

Kiingereza kina mamia ya maneno ambayo hutamkwa kwa sauti zile zile ilhali huandikwa kwa herufi tofauti na kubeba maana zisizohusiana, kama vile “night” lenye maana ya usiku na “knight” lenye maana ya shujaa mpanda farasi wa zama za kati, au “see” la kuona na “sea” la bahari. Wanaisimu, yaani wataalamu wanaochunguza lugha kisayansi, huyaita maneno ya aina hii homofoni, istilahi iliyoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya “ile ile” na “sauti”. Katika shule za Afrika Mashariki maneno haya hufundishwa kwa orodha za kukariri, na mwanafunzi anayeandika “meet” mahali pa “meat” hukatwa alama bila kuelezwa ni kwa nini lugha moja ijitwike mzigo wa namna hiyo. Maelezo yapo, na ni ya kihistoria: kufanana kwa sauti hakuthibitishi hata kidogo kwamba maneno mawili yana asili moja, na herufi ambazo mwanafunzi huzilalamikia mara nyingi ndizo zinazohifadhi habari za asili hiyo, ingawa, kama itakavyoonekana, nazo si shahidi wa kuaminiwa siku zote.

Taaluma inayofuatilia asili ya maneno huitwa etimolojia, na msingi wake ni kwamba sauti za lugha hazibadiliki ovyo bali hubadilika kwa utaratibu, ili sauti fulani ikibadilika katika neno moja, ibadilike vivyo hivyo katika maneno mengine yaliyo katika mazingira yale yale. Jozi ya “night” na “knight” ni mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu. Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi karne ya 12 hivi, usiku uliitwa “niht” na kijana mtumishi aliitwa “cniht”, na kila herufi ilitamkwa: “c” ya mwanzo ilisikika kama “k”, na “h” ya katikati ilikuwa sauti ya kukwaruza inayokaribiana na “kh” ambayo Waswahili wengi huitamka katika neno “kheri”. Maneno hayo hayakuwa na sababu ya kuchanganywa. Kijana mtumishi akawa, kwa kupanda daraja la maana, mtumishi wa kijeshi wa mfalme, kisha mpanda farasi mwenye heshima. Wakati huo huo sauti ya “kh” ilififia katika matamshi ya kusini mwa Uingereza, na kufikia mwisho wa karne ya 17 hata “k” iliyotangulia “n” ilikuwa imeanza kutoweka. Kijerumani, ambacho ni jamaa wa karibu wa Kiingereza, hakikupitia mabadiliko hayo, kwa hiyo hadi leo Mjerumani husema “Nacht” kwa usiku na “Knecht” kwa mtumishi, na masikio yake hayakosi kuyatofautisha maneno hayo. Mwandishi wa Kiingereza wa leo anayechora “k” na “gh” anaandika sauti zilizosemwa na watu waliokufa karne nyingi zilizopita.

Kilichozaa homofoni nyingi zaidi ni badiliko ambalo mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliliita Badiliko Kuu la Irabu, yaani mfululizo wa mageuzi yaliyozipandisha irabu ndefu za Kiingereza kutoka mahali pake pa zamani kinywani, kuanzia karne ya 15 na kuendelea kwa takriban karne tatu. Kabla ya hapo neno “meet”, kukutana, lilikuwa na irabu ndefu ya “e” ambayo Mswahili angeisoma bila kufundishwa, na “meat” lilikuwa na “e” nyingine ndefu, iliyotamkwa kwa kinywa kilichofunuliwa zaidi. Irabu ya kwanza ilipanda ikawa “i”. Ya pili ilipanda polepole, ikaifuata, na kufikia karne ya 18 zote mbili zilikuwa zimekutana katika sehemu moja, na kwa njia hiyo hiyo “see” ikakutana na “sea”. Maneno machache, kama “great” na “break”, yalibaki njiani bila kufika, na ndiyo maana “ea” yake haisomwi kama ya wenzake. Hapa pia ndipo ilipo sababu ya Waingereza kuziita herufi “a”, “e” na “i” kwa majina yanayomshangaza mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili: Kiswahili kilipoanza kuandikwa kwa herufi za Kilatini kilizipa irabu thamani iliyo karibu na ile ya Kilatini chenyewe, na Kiingereza ndicho kilichohama.

Kwa bahati mbaya, au pengine nzuri kwa wanahistoria, uandishi uliganda wakati matamshi yakiendelea kutembea. William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, badiliko la irabu likiwa halijakamilika, na wachapaji waliomfuata walizoea tahajia, yaani taratibu za kuandika maneno, zilizofuata matamshi ya wakati huo au ya kabla yake. Jambo la kuongeza ni kwamba neno “meat” halikuwa na maana ya nyama tu, kwa kuwa “mete” ya Kiingereza cha Kale ilikuwa chakula cha aina yoyote, na maana ikaja kubanwa baadaye, kama ilivyobanwa maana ya “deer”, ambaye zamani alikuwa mnyama yeyote wa porini na leo ni mnyama wa jamii moja tu inayofanana na swala, naye hutamkwa sawa na “dear”, mpendwa, ambaye hahusiani naye.

Mswahili hana haja ya kwenda Uingereza kuona mageuzi ya namna hii, kwa kuwa lugha yake imeyapitia. Kaa wa baharini, kaa la moto na kitendo cha kukaa ni maneno matatu yanayosikika sawa leo, lakini Kiswahili kilipoteza sauti ya “l” iliyokuwa kati ya irabu katika maneno mengi ya Kibantu, na vile vile kikapoteza toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakotofautisha maana. Katika Kikongo, ambacho kimeihifadhi “l” hiyo, njaa ni “nzala” na mvua ni “mvula”, mkaa ni “makala” na kaa wa majini ni “nkala”, na wasemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi husema “kuikala” pale ambapo wa pwani husema kukaa. Tofauti na Kiingereza, Kiswahili hakikuwa na tahajia ya Kilatini wakati “l” ilipotoweka, kwa hiyo ushahidi wake hautafutwi katika tahajia ya neno lenyewe bali kwa majirani.

Chanzo kingine cha homofoni za Kiingereza ni wingi wa maneno ya kigeni. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao ya Kifaransa ikawa ya mahakama na ya ikulu, huku Kilatini kikibaki lugha ya kanisa na usomi, na maneno yaliyoingia kwa milango hiyo yakagongana na ya wenyeji. Kundi la “write”, “right”, “wright” na “rite” linaonyesha mgongano huo kwa ukamilifu. La kwanza, kuandika, asili yake ni kukwaruza au kuchonga alama juu ya mti au jiwe. La pili lilimaanisha kilichonyooka. La tatu ni fundi mtengenezaji. Na la nne, ibada au desturi ya kidini, limetoka katika “ritus” la Kilatini. Matatu ya kwanza ni ya wenyeji na kila moja lina shina lake. Watu wengi, wakiwamo Waingereza wenyewe, hudhani kwamba mwandishi wa tamthilia huitwa “playwright” kwa sababu anaandika, kumbe jina hilo linamtaja kama fundi wa michezo, sawa na “shipwright” ambaye ni fundi wa jahazi na meli. Kwa ajali ya namna hiyo hiyo “soul”, roho, ambalo ni neno la wenyeji, limesikika sawa na “sole”, wayo, lililotokana na neno la Kilatini la kiatu cha kanda.

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba kila jozi ni ya wageni waliokutana njiani, kwa maana zipo jozi za ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na kalamu. “Flower”, ua, na “flour”, unga wa ngano, ni neno moja lililotoka Kifaransa cha zamani, ambako unga uliochekechwa ukawa laini kuliko wote uliitwa ua la unga, yaani sehemu yake bora, na kwa muda mrefu Waingereza waliandika maana zote mbili kwa namna yoyote kati ya hizo kabla ya kukubaliana kuzigawa. “Metal”, madini ya chuma na shaba, na “mettle”, ushupavu wa moyo, yote yametoka katika neno la Kigiriki la machimbo: mtu alisemwa kwa madini aliyoumbwa nayo, kisha sitiari hiyo ikapewa tahajia yake na ikasahau ilikotoka. La kupendeza zaidi ni “muscle”, msuli, na “mussel”, kome wa baharini, ambayo kwa Kilatini yalikuwa neno moja, “musculus”, lenye maana ya panya mdogo, kwa kuwa Warumi waliona katika msuli unaotikisika chini ya ngozi, na katika gamba jeusi la kome, umbo la mnyama huyo.

Jozi inayowahusu wakazi wa miji ya Afrika Mashariki moja kwa moja ni ya “stationary”, kisichosogea, na “stationery”, vifaa vya kuandikia. Katika miji ya vyuo vikuu ya Ulaya ya zama za kati, wauzaji wengi wa vitabu walikuwa wachuuzi wa kuzunguka, na yule aliyeruhusiwa kuwa na kibanda cha kudumu aliitwa kwa Kilatini “stationarius”, mtu wa kukaa mahali. Chama cha wafanyabiashara hao jijini London kilianzishwa mwaka 1403, kikapata hati ya kifalme mwaka 1557. Bidhaa zao zikachukua jina lao, na jina hilo likasafiri hadi kwenye vibao vya maduka ya steshenari yanayouza madaftari na kutoa nakala, ambayo kwa asili yana udugu na stesheni ya treni, kwa kuwa shina la yote ni neno la Kilatini la kusimama.

Herufi nazo hudanganya. Katika karne ya 15 na ya 16 wasomi wa Uingereza, waliokiheshimu Kilatini kupita kiasi, walianza kurudisha ndani ya maneno herufi walizodhani zimepotea, na katika neno “isle”, kisiwa, hawakukosea, kwa sababu kweli limetoka katika “insula”. Lakini waliichomeka “s” hiyo hiyo katika “island”, neno la wenyeji ambalo halikuwahi kuwa nayo wala halina uhusiano na Kilatini hicho, na ikaingia pia katika “aisle”, njia ya pembeni kanisani, ambalo asili yake ni “ala”, bawa. “Whole”, kamili, lilipachikwa “w” bila sababu ya asili, ingawa ni ndugu wa “heal”, kuponya, na halina uhusiano na “hole”, tundu. Anayetafuta asili kwa kutazama tahajia ya leo peke yake atapotoshwa na maneno ya namna hii, na ndiyo maana Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, iliyopendekezwa mwaka 1857 na kukamilika mwaka 1928, ilijengwa juu ya mamilioni ya vipande vya karatasi vilivyonukuu matumizi ya kila neno tangu lilipoandikwa mara ya kwanza.

Mshairi Robert Bridges, aliyekuwa mshairi wa taifa wa Uingereza, alichapisha mwaka 1919 andiko kuhusu homofoni akizishutumu kuwa ni kero na kuonya kwamba matamshi ya kusini mwa Uingereza, ambayo yaliacha kuitamka “r” isiyofuatwa na irabu, yalikuwa yakiziongeza. Katika hilo la pili alikuwa na hoja, kwa sababu “court”, mahakama, na “caught”, kilichokamatwa, ni sawa mdomoni mwa mtu wa London lakini si mdomoni mwa Mskoti au Wamarekani wengi. Na kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ina irabu tano tu, huongezeka homofoni ambazo Mwingereza hana, kama “hat”, “hut” na “heart”. Ila hofu ya Bridges ilipita kiasi. Muktadha, yaani maneno yanayozunguka neno, hutosha kuonyesha kama mtu anazungumzia bahari au kuona, na pale muktadha unaposhindwa lugha huachana na neno moja bila kuamriwa na yeyote.

Ndivyo lilivyopotea “quean”. Zamani lilimaanisha mwanamke tu, na lilitofautiana na “queen”, malkia, kwa irabu ile ile iliyotofautisha “meat” na “meet”. Lakini wakati irabu zikikaribiana, “quean” lilikuwa limeshuka hadi kumaanisha mwanamke asiye na staha, na haikuvumilika jina la malkia lisikike sawa na tusi, kwa hiyo likaachwa. Kitenzi “let” kina historia inayokaribiana na hiyo, kwa kuwa maana mbili zilizokuwa na vitenzi viwili tofauti katika Kiingereza cha Kale, kuruhusu na kuzuia, zilifika kutamkwa sawa ingawa ni kinyume kabisa. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Waraka kwa Warumi, sura ya 1, mstari wa 13, Paulo anasema alikusudia mara nyingi kwenda Roma lakini akawa “let”, na msomaji wa leo asiyejua maana ya kale huelewa kwamba aliruhusiwa, wakati Biblia ya Kiswahili inasema wazi kuwa alizuiliwa. Maana hiyo ya kuzuia imekufa katika mazungumzo ya kila siku, ila imebaki katika maneno ya kisheria “without let or hindrance” yaliyochapishwa ndani ya pasipoti za Uingereza na za baadhi ya nchi ilizowahi kuzitawala, yakiomba mwenye pasipoti apite bila kuzuiwa.