Mtungi mdogo wa gesi ni jiko la safari, chumbani lina masharti yake

MTUNGI wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa moja kwa moja juu yake umekuwa sehemu ya maisha ya familia nyingi za Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi, hasa zile zinazoishi katika chumba kimoja au viwili.

Gharama ya kuanza nao ni ndogo kuliko ya mtungi mkubwa, hauhitaji mpira wala meza ya jiko, na unapoisha mwenyewe anaweza kuubeba hadi dukani.

Nchini Tanzania, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) nao umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku.

Hata hivyo, kinachosahauliwa na wengi ni kwamba jiko la aina hiyo asili yake ni safari. Nchini Ufaransa, ilikoanzishwa kampuni ya Campingaz mwaka 1949, mitungi midogo inayojazwa tena ilienea miongoni mwa watu waliokwenda kulala kwenye mahema na kupika nje, mahali ambapo gesi ikivuja huchukuliwa na upepo.

Jiko hilo hilo linapowekwa kando ya kitanda, katika chumba chenye dirisha moja lililofungwa kwa kuogopa mbu, masharti ya kulitumia hubadilika.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Ndani ya mtungi hukaa kama kimiminika kwa sababu ya mgandamizo, na inapotoka hugeuka hewa na kutanuka zaidi ya mara 200.

Propeni ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa takriban mara moja na nusu, na buteni kwa mara mbili. Kwa sababu hiyo gesi inayovuja haipandi juu na kutokea kwenye matundu ya dari, bali hushuka na kutanda sakafuni, chini ya kitanda na kwenye mashimo ya maji machafu.

Gesi hiyo huanza kuweza kulipuka inapofikia takriban asilimia 2 tu ya hewa iliyopo. Katika chumba chenye urefu na upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, kilo moja hivi ya gesi inatosha kukifanya chumba chote kiwe katika hali hiyo.

Kwa kuwa gesi hujikusanya chini, hatari huja mapema zaidi. Gramu 200 tu zikitanda katika nusu mita ya kwanza kutoka sakafuni zinaweza kuwaka kwa cheche moja, na mtungi uliojaa una gesi mara 30 ya kiasi hicho.

Gesi yenyewe haina harufu kali. Harufu mbaya inayofanana na ya kitu kilichooza hutiwa kwa makusudi ili mvujo utambulike mapema, hivyo anayeisikia asiizoee wala kuifunika kwa manukato.

Tofauti nyingine kati ya mtungi mdogo na jiko la mezani ni mgandamizo. Jiko la mezani hupokea gesi kupitia regyuleta, kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye mpira.

Katika hali ya joto la Pwani, mgandamizo ndani ya mtungi unaweza kuwa zaidi ya mara mia moja ya ule unaohitajika na jiko la mezani. Jiko la kufunga juu ya mtungi halina regyuleta hiyo, na kazi yote ya kuizuia gesi hufanywa na kitasa chake pamoja na kipete kidogo cha mpira kilichopo pale jiko linapoungana na mtungi.

Kipete hicho ndicho kinachostahili kukaguliwa kila mtungi unapobadilishwa. Kikiwa kimepasuka, kimekauka au hakipo, jiko lisifungwe mpaka kipatikane kingine cha aina ile ile.

Kazi ya kubadilisha mtungi ifanyike nje, mbali na moto wowote, ukiwamo wa jiko la mkaa la jirani na sigara ya mpita njia. Kitasa cha jiko kihakikishwe kuwa kimefungwa kabla ya kuanza, kisha jiko likazwe sawasawa bila kulazimishwa.

Baada ya hapo maji ya sabuni yapakwe kwenye maungio. Mapovu yakitokea na kuendelea kukua, gesi inavuja, na mtungi urudishwe kwa muuzaji. Kutafuta mvujo kwa njiti ya kiberiti ni kuita balaa.

Wakati wa kuwasha, njiti itangulie na gesi ifuate. Anayefungua gesi kwanza kisha akaanza kutafuta kiberiti huwa amekwisha kuijaza gesi kuzunguka mtungi kabla moto haujafika.

Suala la sufuria nalo lina uzito wake. Jiko la safari lilikusudiwa birika la chai na chakula cha watu wawili au watatu, wakati jikoni kwetu kuna ugali wa kusongwa kwa nguvu na maharage ya kuchemka kwa saa nyingi.

Mtungi wenye jiko juu yake ni mrefu na kitako chake ni chembamba, hivyo sufuria kubwa iliyojaa huufanya uyumbe kwa urahisi. Ukianguka huku moto unawaka, gesi inaweza kutoka ikiwa bado kimiminika, na mwali huruka ghafla kwa ukubwa usiotarajiwa.

Aidha, sufuria pana kupita kiasi hurudisha joto chini kwenye kitasa, kipete na mtungi wenyewe. Vivyo hivyo, kuzungushia bati au boksi ili kuzuia upepo kunaweza kuukusanyia mtungi joto. Ukiguswa ukawa wa moto, upishi usimamishwe.

Mtungi uwekwe sakafuni palipo sawa, usimame wima, watoto wakae mbali, na mlango au dirisha liwe wazi muda wote wa kupika. Vyakula vya kusongwa au vya sufuria kubwa vinafaa zaidi jiko la mezani lenye mpira na regyuleta.

Kwa wanaokwenda kambini kweli, baridi nayo huleta kishawishi chake. Buteni huacha kugeuka hewa inapofikia karibu nyuzi sifuri za Selsiasi, na katika kambi za juu za Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, usiku huwa chini ya hapo.

Moto unapofifia kwa baridi, baadhi ya watu hujaribu kuupasha mtungi kwa moto wa jiko jingine. Kufanya hivyo huongeza mgandamizo kwa kasi isiyoweza kudhibitiwa. Dawa yake ni kuchagua gesi yenye propeni nyingi tangu mwanzo wa safari.

Kupika ndani ya hema lililofungwa, au kuacha jiko liwake ili kupata joto la kulalia, kuna hatari ya pili. Moto unaokosa hewa ya kutosha huzalisha kabonimonoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu akiwa usingizini.

Makopo madogo ya gesi ya kutumika mara moja, ambayo hubebwa na wapanda milima, yasijazwe tena kwa njia yoyote. Aidha, jiko lililonunuliwa Ulaya huenda lisioane na mitungi ya Afrika Mashariki, na kuliunganisha kwa kifaa cha kubahatisha ni kutengeneza mvujo.

Hatari kubwa zaidi huanzia mahali mtungi unapojazwa. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, na wa kilo 6 ukijazwa unapaswa kuzidi uzito huo kwa kilo 6.

Mnunuzi ana haki ya kudai upimwe kwenye mizani mbele yake. Ukipungua, ameibiwa. Ukizidi, amepewa hatari, kwa kuwa mtungi hupaswa kubaki na nafasi ya gesi kutanuka joto linapopanda.

Wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira, uchochoroni au nyuma ya duka, hawana vipimo vya kujua nafasi hiyo imebaki kiasi gani, na gesi inayomwagika wakati wa kazi hiyo hutanda chini miongoni mwa makazi ya watu.

Nairobi iliona madhara ya gesi kuwekwa katikati ya makazi usiku wa Februari 1, 2024, pale lori lililobeba gesi lilipolipuka Embakasi. Watu kadhaa walipoteza maisha, zaidi ya 200 walijeruhiwa, na moto uliteketeza nyumba na magari.

Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ya Kenya (EPRA) ilieleza baadaye kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023. Waliokuwa wamelala jirani hawakuwa na njia ya kujua hilo.

Mvujo ukitokea nyumbani, kitasa kifungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na swichi ya taa isiguswe, iwe ni kuwasha au kuzima. Simu nayo itumike nje. Ikiwezekana bila hatari, mtungi utolewe nje ukiwa wima.

Moto ukiwaka kwenye maungio, kitasa kifungwe kwa mkono uliofunikwa kitambaa kilicholowa, iwapo kinafikika. Kisipofikika, watu watoke na majirani waamshwe. Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Mwali usizimwe wakati gesi inaendelea kutoka, kwani gesi isiyowaka hujikusanya na kungoja cheche nyingine.

Baada ya kupika, kitasa kifungwe kabisa na mtungi uhifadhiwe penye hewa, mbali na jiko la mkaa. Chini ya kitanda, ambako wengi huuweka ili kuokoa nafasi au kuwaepuka wezi, ndiko gesi inayovuja usiku hujikusanya kwanza.