KUJUA MAHALI KIPIMO KILIPOTOKA



Katika baadhi ya mashamba ya umwagiliaji hutumika vihisi, yaani vyombo vidogo vya betri vipimavyo unyevu wa udongo na kupelekeana habari kwa mawimbi ya redio. Habari ikisema udongo ni mkavu, sharti ijulikane ni udongo wa shamba la nani; la sivyo maji yatapelekwa kwa asiyeyahitaji, na mwenye shamba kavu atapata hasara.

Kila kihisi chaweza kupewa kipokezi cha ishara za setilaiti, lakini hicho huongeza gharama na hula betri. Kwa hiyo vihisi vichache tu, tuviite vikuu, huwekwa mahali palipokwisha kupimwa. Vingine hujikadiria kutokana na hivyo, kwa njia mbili.

Kwanza, kwa nguvu ya mawimbi: yakifika dhaifu, kihisi kikuu kiko mbali. Umbali kutoka vihisi vikuu vitatu ukijulikana, mahali hupatikana. Kasoro yake ni kwamba majani mabichi ya mahindi hudhoofisha mawimbi, na kilicho karibu huonekana kiko mbali.

Pili, kwa kuhesabu mapokezano, njia iliyoelezwa mwaka 2001 na Niculescu na Nath wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Ikiwa vihisi vikuu viwili vimeachana mita 300, na habari hupokezanwa mara 6 baina yake, kila pokezano ni wastani wa mita 50. Kihisi kilicho mapokezano 2 kiko kadiri ya mita 100. Bwawa likiwa katikati, habari huzunguka na hesabu hukosea.

Makosa hayo hupunguzwa hivi:

(a) Vihisi vikuu visipangwe katika mstari mmoja, bali vizunguke shamba.
(b) Nguvu ya mawimbi ipimwe mara nyingi, uchukuliwe wastani.
(c) Kihisi kikuu kilicho karibu kiaminiwe kuliko cha mbali.
(d) Hesabu irekebishwe tena mahindi yakisharefuka.

Chama chenye vihisi kumi visivyohamishwa hakihitaji hesabu hizi. Futikamba yatosha, pamoja na daftari lenye namba ya kihisi, jina la mwenye shamba na tarehe. Vikiwa vingi, Kamati isiidhinishe fedha kabla ya kumwuliza mwuzaji: kosa la mahali ni mita ngapi? Katika shamba lenye upana wa mita 40, kosa la mita 30 laweza kumpa jirani maji ya mwanachama mwingine.